Maradhi ya Mihogo na Nzi Weupe
(Maneno ya hotuba)



Wafugaji wa Banissa hawahitaji kufundishwa kwamba nzi mdogo aweza kumwangusha ngamia mkubwa. Nzi wamwumapo ngamia mgonjwa, kisha wakamwuma mzima, huhamisha maradhi ya surra. Mihogo nayo inaye adui wa namna hiyo, yaani nzi mweupe akaaye chini ya majani. Afyonzapo utomvu wa mmea mgonjwa huchukua virusi, akavipeleka katika mmea wa pili.

Maradhi makubwa ni mawili. Ya kwanza ni batobato, ambayo habari zake ziliandikwa mwaka 1894. Majani hupata mabaka ya manjano na kujikunja. Ya pili ni michirizi ya kahawia, ambayo Bwana H. H. Storey wa kituo cha Amani, Tanganyika, aliieleza mwaka 1936. Hii ina hila zaidi, maana majani yaweza kuonekana mazuri, lakini mkulima achimbapo hukuta mihogo imeoza ndani, na watoto wangoja chakula.

Wataalamu wa Amani walifanya kama mfugaji achaguaye dume. Waliuchanganya muhogo na jamaa yake, mti wa mpira uliotoka Brazil, kisha wakawarudisha wazao kwa muhogo mara kadha wa kadha, hata wakapata mihogo iliyo mizuri yenye nguvu ya kustahimili. Kazi hiyo ilikoma mwaka 1957, lakini mbegu zake zilizaa aina nyingine nyingi katika Afrika.

Lakini adui naye hubadilika. Katika miaka ya 1990 batobato kali iliangamiza mashamba ya Uganda, njaa ikaingia. Mwaka 1997 wataalamu waliochunguza jeni za virusi vile waligundua kwamba virusi vya namna mbili vilikuwa vimechanganya jeni zao, kikazaliwa kirusi kipya. Tena, tangu mwaka 2004 michirizi ya kahawia, iliyojulikana zaidi pwani, imeonekana Uganda.

Nzi hupeleka maradhi shamba kwa shamba. Mwanadamu huyapeleka nchi kwa nchi, kwa kubeba vipande vya kupandia. Basi apandaye na achague vipande katika shina zima, achimbe kwanza atazame mihogo yake, ang'oe mmea mgonjwa mapema, wala asipokee vipande kutoka mahali asipopajua. Mchunga kundi hamtii ngamia mgonjwa katika zizi lake. Na mkulima afanye vivyo hivyo.