Mataa, Vibao na Mistari: Dar es Salaam hadi Iringa

Leo tuko kwenye barabara kuu ya zamani itokayo Dar es Salaam, kupitia Chalinze na Morogoro, hadi Iringa.

Mjini tuanze na mataa. Nyekundu kila mtu anaijua. Tatizo ni njano. Njano maana yake simama, isipokuwa umeshakaribia mno na kufunga breki ghafla ni hatari. Wengi wetu tumeifanya ruhusa ya kukanyaga mafuta. Trafiki akisimama katikati ya makutano, mtii yeye, hata kama taa inasema vingine.

Nje ya mji, kibao chenye 50 ndani ya duara jekundu kinakuambia unaingia kwenye makazi. Mwendo huo unabaki hadi ukute kibao kinachouondoa, si hadi nyumba zipungue machoni pako. Pembetatu yenye ukingo mwekundu ni tahadhari: kona, tuta, watoto wa shule. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, mnyama aliyechorwa kwenye pembetatu hiyo si pambo; wanyama wanavuka kweli, mchana na usiku.

Mtihani wenyewe uko Mlima Kitonga. Lori linapanda kwa mwendo wa kinyonga, basi nyuma lina haraka, na katikati kuna mstari mweupe usiokatika. Umechorwa pale kwa sababu huoni mbele vya kutosha. Usiovateki, hata utingo wa lori akikupungia mkono upite.

Nawe abiria, dereva akiuvuka mstari huo, paza sauti. Ni haki yako.