Zinki Isiyoonekana kwa Macho: Mazungumzo na Wanunuzi wa Mabati



Mnunuzi wa mabati ya zinki akiingia dukani hutazama mng'ao wa bati na yale maua-maua yanayometameta juu yake, kisha huuliza geji. Katika hayo matatu, hakuna hata moja linaloonyesha ni zinki kiasi gani itakayoikinga paa yake dhidi ya kutu.

Maua hayo ni fuwele za zinki. Hutokea bati linapotolewa katika zinki iliyoyeyushwa, nayo zinki ikapoa na kuganda. Ukubwa wake hutegemea namna ilivyopoa na madini mengine yaliyochanganyika humo. Bati lenye maua makubwa laweza kuwa na zinki kidogo. Geji nayo hutaja unene wa bati: namba ikizidi, bati huwa jembamba.

Zinki yenyewe hupimwa kwa mikromita, yaani sehemu moja ya milioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Bati lenye alama Z275 lina gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba. Lakini, na hapa ndipo wengi hukosea, gramu hizo ni za pande zote mbili kwa pamoja. Kila upande hupata mikromita 19 hivi. Bati la Z100 hupata 7 tu. Jicho haliwezi kutofautisha 19 na 7, wala kidole. Tofauti hujitokeza baadaye, hasa karibu na bahari, ambako chumvi ya hewani huila zinki upesi.

Maabara hutumia kifaa chenye sumaku: chuma huivuta sumaku, zinki haiivuti, hivyo zinki ikiwa nene mvuto hupungua. Hupimwa mahali pengi, kwa kuwa zinki haikutandazwa sawasawa kote. Pakitokea ubishi, tunapima uzito wa kipande, tunaiyeyusha zinki yake kwa asidi, kisha tunakipima tena. Kipande huharibika, lakini jibu lake ni vigumu kulipinga.

Kwa hiyo tunawaomba: kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji aandike kwenye risiti alama ya zinki pamoja na geji. Tukiletewa bati lenye kutu na risiti isemayo "mabati 20, geji 30" basi, kupima tutapima, ila hatutakuwa na ahadi ya muuzaji ya kulinganisha na kipimo chetu.