Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Miaka Kumi: Hisa za Mkwe wa Ng'ambo



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Tulipoanza mwaka 2015 Songwe ilikuwa bado haijawa mkoa, tulikuwa tunahesabiwa Mbeya, na ndani ya sanduku letu mlikuwa na daftari moja na kalamu ya kuazima. Habari za mapato na mikopo mhazini ameziandika kurasa za mbele, someni wenyewe. Sisi leo tunataka kusema jambo moja ambalo halimo katika hesabu zile. Wapo kati yetu ambao hawakutaka lisemwe mbele ya wageni. Tukapiga kura, likapita, na mama mwenye jambo lake naye ametupa ruhusa.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi ni watu wa mpakani. Ndugu zetu wengine wako Chitipa kule Malawi, wengine Nakonde kule Zambia. Walambya na Wandali wako pande zote mbili za Mto Songwe, lugha moja, na misibani tunazikana. Kijana akioa ng'ambo hakuna anayeshangaa. Posa inapelekwa, mahari inahesabiwa, binti analetwa na kanga zake. Karatasi hakuna anayeuliza, mpaka siku ya shida.

Basi mwanachama mwenzetu mmoja mwanawe alileta binti wa Chitipa. Wakakaa miaka mitatu, wakapata mtoto. Yule binti alikuwa mchapakazi jamani. Alikaanga vitumbua, na kila siku ya kikao alimpa mama mkwe pesa ya hisa mbili. Kuandikwa mwenyewe hakuweza, maana katiba yetu ilitaka kitambulisho cha Taifa, na yeye hata muhuri wa kuingilia nchini hakuwa nao. Hisa zake zikaingia kwenye kitabu cha mama mkwe. Sote tulijua. Mhazini alikuwa akiweka nukta ya kalamu nyekundu pembeni ili tusije tukachanganya.

Likatoka tangazo la jeshi. Matangazo ya JWTZ ya kuandikisha vijana yanasema wazi: awe raia wa Tanzania mwenye kitambulisho cha Taifa, awe na cheti halisi cha kuzaliwa, awe hajaoa wala kuolewa. Kijana alikuwa na kidato cha nne na afya nzuri. Ndoa hakufunga kanisani wala bomani, akajiona hajaoa. Mama akamwambia mkwe, rudi kwenu kwanza mpaka mwenzio apate namba ya jeshi. Na sisi kikundi tukatoa mkopo wa dharura wa nauli na picha. Mkwe aliondoka alfajiri, mtoto mgongoni. Wengine wetu tulikuwa tunafagia uani. Tukaendelea kufagia.

Majina yalipotoka la kijana halikuwemo. Akaenda Chitipa mara tatu kumfuata mkewe, wazee wa kule wakamwambia binti yao si mzigo wa kuweka na kuchukua.

Baadaye ndipo alipokuja msaidizi wa sheria akatusomea. Kumbe Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakiwajua kuwa ni mke na mume, wanachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo kijana aliposema hajaoa, kijiji kizima kingeweza kumpinga. Kumbe tena Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa nje aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia, ila inabidi auache ule wa kwao. (Mwanamume wa nje aliyeoa binti yetu hana mlango huo. Akina mama wa Tunduma wenye waume wa Nakonde wanalijua hilo kuliko sisi.) Na mtoto aliyezaliwa hapa, baba yake Mtanzania, ni Mtanzania. Sisi tulikuwa tunajua kitu kimoja tu, kwamba Uhamiaji wanakamata.

Lakini tazameni ugumu wake. Mke akitaka kuomba, lazima ndoa ionekane, na ndoa ikionekana kijana hawezi kuandikishwa jeshini. Jeshi hatulilaumu, limeweka sharti lake na limelitangaza. Sisi tunasema kijana anayetaka jeshi asilete binti wa watu. Akishamleta, aandikishe ndoa, atafute kazi nyingine. Vijana hapa wananung'unika, tunawasikia. Nungunikeni tu.

Mwisho wa mwaka tulipogawana, ugomvi ukawa juu ya zile hisa. Wengine walisema mwenye jina kitabuni ndiye mwenye mali, tena ana deni letu. Tulibishana mpaka taa zikawashwa. Mwishowe tukahesabu nukta nyekundu, zikawa 94. Wanachama watatu tulipita Isongole kihalali, tukampelekea pesa zake na faida yake. Alizihesabu mara mbili. Halafu akauliza, "Na kitabu changu?" Tukakosa la kumjibu.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni hili. Utuletee maofisa wa Uhamiaji hapa Mbebe walau siku moja, waje kuelimisha, na gari la kubebea watu waliache Itumba. Wapo wakwe wengine majumbani ambao hawatatoka nje wakiliona. Sisi tumeshatenga fungu katika mfuko wa jamii la kumkopesha mwanamke anayetaka kuandikisha ndoa au kuhalalisha ukaazi wake. Mkopo wa dharura wa kumrudisha mtu kwao hatutoi tena.

Kitabu tumemwandikia, kina jina lake na hisa mbili za kuanzia, ambazo mama mkwe amezilipa. Kiko kwa mhazini. Salamu tumetuma, majibu bado.

Chakula kiko tayari. Tunaomba kuwasilisha.