Maana za Neno "Fair"



Tumeombwa tuseme habari ya neno moja la Kiingereza lipitalo mikononi mwa makarani kila siku, nalo ni "fair". Ni neno dogo, lakini limempotosha mmoja wetu. Aliambiwa kuwa katika taarifa ya mwaka kazi yake imeandikwa "fair". Akafurahi, akawaeleza wenziwe kwamba amesifiwa; kumbe nyongeza ya mshahara ilimpita. Katika taarifa ya namna hiyo maana yake si njema, wala si ya haki, ila ni ya wastani tu.

Asili yake, katika Kiingereza cha kale, ni uzuri wa kutazamika. Baadaye likaingia maana ya weupe wa ngozi na wa nywele, hata uzuri na weupe vikachanganyika. Shakespeare, alipomsifu mwanamke mwenye macho meusi katika mashairi yaliyopigwa chapa mwaka 1609, ilimlazimu kushindana na neno hili. Tena likawa na maana ya haki: mchezo "fair" ni mchezo usio na hila. Na "fair copy" ni nakala safi iliyoandikwa upya baada ya masahihisho. Lakini "fair" iliyo gulio au maonyesho ni neno jingine, asili yake Kilatini. Yamefanana sura tu, kama kaa la moto na kaa wa pwani.

Sisi katika Kiswahili twasema uzuri, weupe, haki, wastani: maneno manne mbalimbali. Kwa hiyo mfasiri hana budi kuchagua, na akichagua vibaya humdhulumu mtu.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Tukiomba mshahara "fair", sisi twakusudia haki; msomaji aweza kuridhika na wastani. Waingereza wenyewe hawakuliacha neno hili peke yake. Mwaka 1891 Bunge lao lilipitisha azimio lijulikanalo kwa jina la "Fair Wages", kwa ajili ya wafanyao kandarasi za Serikali, likataja kipimo: ujira uliokubaliwa kwa kawaida katika kila kazi kwa fundi aijuaye. Na Marekani, mwaka 1938, sheria ya kazi yenye neno hili katika jina lake ilitaja senti 25 kwa saa kuwa kima cha chini.

Basi, ndugu zetu, mkilikuta neno hili, ulizeni: kwa kipimo gani? Na mkiliandika ninyi, liandikeni pamoja na kipimo chake. Mwenzetu yule hatimaye aliuliza kwa adabu, akaelezwa kwamba barua zake hukawia kujibiwa. Akajirekebisha, na mwaka wa pili nyongeza akaipata. Kuuliza si ujinga.