Waifai Inapokatika Nyumbani, Tuanzie Wapi?

Tumeombwa tuzungumze juu ya waifai, yaani intaneti inayofika kwenye simu na kompyuta za nyumbani bila waya. Sisi si mafundi wa kusomea. Haya tuliyapata kwa kuhangaika, na nusura tupoteze pesa za kikundi.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2024 kikundi chetu kilivuta intaneti hadi nyumbani kwa katibu wetu. Hapo tunaandikia hesabu, na binti yake anasoma masomo ya chuo kwa kompyuta. Kila mara somo linakatika katikati. Siku ya mtihani ilikatika mara tatu, msichana akalia. Tukakutana, na wengi wakasema tulipie kifurushi kikubwa zaidi. Pesa zilikuwa zimeshahesabiwa mezani kijana mmoja alipouliza, "Lakini mnajua inakatikia wapi?" Tukanyamaza.

Ndugu zetu, intaneti hii ina safari mbili. Ya kwanza ni kutoka kwa kampuni hadi kwenye kile kisanduku kiitwacho rauta. Ya pili ni kutoka kwa rauta hadi simu yako. Ile alama ya waifai kwenye simu inapima safari ya pili tu. Ndiyo maana unaona alama imejaa na bado hakuna kinachofunguka.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi, simama hatua mbili kutoka kwa rauta ujaribu. Kisha nenda chumba chenye taabu ujaribu tena. Ikiwa karibu ni nzuri na mbali ni mbaya, shida iko ndani ya nyumba. Kifurushi kikubwa hakitasaidia.

Kwetu, karibu na rauta ilikuwa safi kabisa! Na kampuni tulikuwa tumeitukana miezi miwili. Kumbe rauta tuliificha nyuma ya kabati la chuma ili isiibwe. Chuma na mabati hurudisha mawimbi nyuma, ukuta mnene wa mawe huyapunguza, na tangi la maji huyameza. Tukaitoa, tukapigilia rafu ya mbao katikati ya nyumba, juu kidogo, mahali pa wazi.

Tena rauta nyingi zina mawimbi ya aina mbili, 2.4 na 5. Hiyo 5 ina mbio lakini kuta humshinda upesi. Hiyo 2.4 ni ya polepole lakini hufika mbali, kwa hiyo chumba cha nyuma tulikiunganisha nayo. Ubaya wake ni kwamba husumbuliwa na jiko la maikroweivu likiwaka, na rauta za majirani. Wanaoishi kwenye ploti zenye vyumba vingi wamwombe kijana anayejua aingie kwenye rauta achague chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache.

Na kama hata karibu ni mbaya? Chomoa rauta kwenye stima, ngoja nusu dakika, rudisha, halafu subiri taa zitulie. Angalia chaja pia. Wengine chaja ikiharibika huchukua ya redio, na volti hazilingani. Soma maandishi ya chini ya rauta. Lakini kile kitundu kidogo cha nyuma msikichokonoe na sindano, kwa maana mipango yote hufutika.

Wenye rauta ya laini ya simu, iwekeni karibu na dirisha linaloelekea mlingoti. Kwao mara nyingi safari ya kwanza ndiyo dhaifu.

Ikikataa bado, wekeni daftari. Andikeni siku, saa, na taa ipi ilikuwa nyekundu. Ukipiga simu kwa kampuni na kusema "inasumbua tu," utaambiwa uzime na uwashe. Ukisema "inakatika kila siku saa mbili usiku, hata kwa waya," watakusikiliza tofauti.

Pesa zetu zilirudi kwa mweka hazina. Binti alirudia mtihani wake, na haukukatika ila dakika chache stima ilipopotea. Hilo la stima bado tunalizungumzia.