Ukuta wa Kidimbwi: Kiti kwa Mzazi, Ngazi kwa Mtoto

Hotuba ya afisa wa ujenzi kwa wenye nyumba za kukodisha, mafundi na wazazi



Kutoka Mtwapa hadi Malindi, vidimbwi vya kuogelea si vya hoteli kubwa pekee. Vimo pia katika nyumba za kukodisha na za familia. Vingi vimezungushiwa ukuta mfupi wa mawe, na wengi wetu huuhesabu kuwa ulinzi. Hapo ndipo penye hatari.

Ukuta huo una kazi zake. Ukiinuliwa sentimita 15 hivi, huzuia maji ya mvua ya masika kuingiza matope kidimbwini. Ukifika sentimita 45, huwa kiti. Mzazi huketi akiwatazama watoto, na mzee huketi kwanza kabla ya kushuka majini polepole.

Lakini sentimita 45 hazimzuii mtoto wa miaka 2. Ataukwea, na upande wa pili ni maji. Tena mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele.

Kwa hivyo ukuta wa kukalia uwe ndani, na nje yake pawe na ua. Ua uwe na kimo cha angalau mita 1.2. Nondo zake zisimame wima, kwa kuwa zilizolala huwa ngazi, na nafasi kati yake isizidi sentimita 10. Lango lijifunge lenyewe, lifungukie nje, na komeo liwe juu. Ua ukae mbali na ukuta wa kukalia, na viti au vyungu vya maua visiwekwe karibu nao.

Kwenu mafundi: kidimbwi kikiinuliwa juu ya ardhi, ukuta ndio unaobeba maji. Maji ya kina cha mita 1 husukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa nguvu ya karibu nusu tani. Mawe matupu hayatoshi. Tumieni zege lenye nondo, na nondo zifunikwe vyema, kwani chumvi ya bahari huzila hadi ukuta ukapasuka. Leteni michoro ikaguliwe kabla ya kuchimba.

Mwisho, hakuna ua unaochukua nafasi ya jicho la mtu mzima. Ila jicho likiteleza kidogo, ua hutupa muda wa kumfikia mtoto. Jioni ya leo, chukueni tepu mkapime ua wenu.