Wanafizikia na Vyama Vyao

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Katibu aliponiandikia kunitaka niseme machache juu ya vyama vya wanafizikia ulimwenguni, nilidhani amekosea anwani. Mimi sikuwa mtafiti. Nilikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari kwa miaka 31, na chaki ndiyo iliyokuwa chombo changu kikuu cha kazi. Halafu nikakumbuka kwamba ninalo deni linalohusu jambo hili hili, na deni halipungui kwa kunyamaza. Basi nimekubali. Wale wa mstari wa nyuma ambao tayari wanageuza shingo kuelekea jikoni, nawaomba wanivumilie. Harufu ya pilau hata mimi naisikia.

Mwaka 1983 nilikuwa nafundisha katika shule moja ya Nyanda za Juu Kusini, iliyoko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kidato cha tatu tulikuwa tukifanya jaribio la pendulamu. Unafunga kitufe cha chuma kwenye uzi, unakiacha kibembee, unapima muda wa mabembeo, na kutokana na urefu wa uzi na muda huo unapata mchapuko wa uvutano wa dunia. Kitabu chetu kilisema jibu ni 9.81. Darasa zima lilipata 9.81 au karibu sana na hapo, na ninyi mliopitia maabara mnajua walivyoipata: walitazama jibu kwanza, kisha wakapanga vipimo.

Kijana mmoja hakufanya hivyo. Aliomba ruhusa akafunga uzi wa mita nne kwenye boriti ya bwalo la chakula, akaazima saa ya mbio kwa mwalimu wa michezo, akahesabu mabembeo 100 jioni tatu mfululizo. Kila mara alipata 9.78. Mimi nikachukua kalamu nyekundu, nikakata 9.78, nikaandika 9.81, na chini yake nikaandika: "Acha uzembe." Tena mbele ya darasa nikasema kwamba bwana huyu amegundua dunia yake mwenyewe. Wenzake walicheka sana. Mwalimu akifanya mzaha, darasa hucheka hata kama mzaha haufai.

Sasa ukweli wenyewe ni huu. Dunia si duara kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha zake na kutuna kwenye Ikweta, na tena inazunguka. Kwa hiyo uvutano ni mdogo kidogo kwetu kuliko kwa watu wa kaskazini, na ukipanda mlima unapungua tena. Ile 9.81 ya kitabu ni ya London. Pale bwaloni petu jibu sahihi lilikuwa 9.78. Kijana alikuwa amepima dunia aliyosimama juu yake, na mwalimu wake alikuwa amesoma dunia ya watu wengine.

Kutojua si dhambi. Lililoniuma baadaye ni kwamba jambo lenyewe halikuwa geni hata kidogo. Mwaka 1672 Akademia ya Sayansi ya Paris, iliyokuwa na umri wa miaka sita tu, ilimtuma mnajimu Jean Richer kwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta. Alikuta saa yake ya pendulamu, iliyokwenda sawa kule Paris, inachelewa takriban dakika mbili na nusu kila siku, ikambidi aifupishe pendulamu. Hakuficha wala hakurekebisha vipimo vifanane na vya nyumbani. Alirudi akaripoti kwa wenzake, wakabishana, na mwaka 1687 Newton akaitumia habari hiyo katika kitabu chake kikuu kuonyesha umbo la dunia. Kutoka 1672 hadi 1983 ni miaka 311. Habari ilisafiri kutoka Cayenne hadi Paris, ikavuka bahari hadi Cambridge, lakini haikufika katika ofisi ya walimu ya shule yangu.

Kwa nini haikufika? Nilikuwa mwalimu pekee wa fizikia pale. Mwenzangu wa karibu alikuwa mwendo wa nusu siku kwa basi, mvua zikikubali. Sikuwa mwanachama wa chama chochote, sikupata jarida lolote, na hapakuwa na mtu wa kuniambia, "Ndugu, hebu subiri kidogo kabla hujaweka wino huo." Hapo ndipo nilipojifunza, kwa kuchelewa, chama cha wataalamu ni kitu gani.

Wengi hudhani ni mahali pa kuvaa suti na kupeana vyeti. Hayo yapo, sikatai. Watu wazima hupenda herufi nyuma ya majina yao. Lakini tazameni vilivyoanza. Tarehe 14 Januari 1845, mjini Berlin, vijana sita walianzisha chama cha fizikia. Walikuwa wamezoea kukutana nyumbani kwa profesa wao, Gustav Magnus, kuzungumzia yaliyoandikwa karibuni katika sayansi. Miaka miwili baadaye, tarehe 23 Julai 1847, alisimama mbele yao daktari wa jeshi mwenye umri wa miaka 25, Hermann Helmholtz, akasoma maelezo yake kwamba nishati haipotei bali hubadilika umbo. Jarida kubwa la fizikia la wakati ule lilikataa kuyachapisha, ikabidi yatoke kama kijitabu peke yake. Leo kila mtoto wa sekondari anafundishwa jambo hilo. Vijana wenzake walikuwa wamemsikiliza kabla wakubwa hawajakubali.

Chama hicho hicho, ambacho tangu 1899 kilijiita Chama cha Fizikia cha Ujerumani, kilifanya kazi nyingine mwaka 1900 ambayo napenda niisimulie polepole. Jumapili ya tarehe 7 Oktoba, Heinrich Rubens alimtembelea Max Planck nyumbani kwake, akamweleza kwamba vipimo vya mionzi inayotoka katika vitu vya moto havikubaliani na kanuni iliyokuwa ikiaminiwa. Kanuni hiyo Planck mwenyewe alikuwa ameitetea. Tarehe 19 chama kilikutana. Ferdinand Kurlbaum, aliyefanya kazi pamoja na Rubens, alisoma vipimo vyao, kisha Planck akasimama katika majadiliano na kuleta kanuni mpya. Usiku ule ule Rubens alikaa akaipima kanuni hiyo kwa tarakimu zake, na asubuhi akaenda kumwambia Planck kwamba vinalingana. Tarehe 14 Desemba Planck alirudi mbele ya chama na maelezo ya sababu zake, na tangu siku hiyo watu huhesabu kuzaliwa kwa fizikia ya kwanta.

Nawaomba vijana mtazame jambo moja katika kisa hicho. Mtu alipima, akapata kisicholingana na imani ya mwenzake, akaenda kumwambia. Mwenzake hakuchukua kalamu nyekundu.

Nisiwadanganye kwamba vyama hivi ni vya malaika. Tarehe 9 Desemba 1938, chama hicho cha Ujerumani kiliwaandikia wanachama wake Wayahudi waliosalia, kwa saini ya mwenyekiti wake Peter Debye, kikiwataka wajitoe, kwa shinikizo la serikali ya Wanazi. Kabla ya hapo, mwaka 1933, Max von Laue alikuwa amesimama katika mkutano wa chama hicho akamtetea Einstein kwa kusimulia habari za Galileo. Kila aliyekuwamo alielewa. Kumbe chumba kimoja kinaweza kukaa watu wa aina zote mbili. Hata Umoja wa Kimataifa wa Fizikia, ulioundwa Brussels mwaka 1922 na nchi 13, ulianza kwa kuwafungia nje walioshindwa vitani. Chama ni watu, na watu ndio sisi.

Wamarekani walianza tarehe 20 Mei 1899, watu 36 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Leo chama chao na kile cha Ujerumani vina wanachama wapatao 50,000 kila kimoja. Wafaransa walianza 1873, Waingereza 1874. Sitawachosha kwa orodha.

Nitasema zaidi juu ya mtu mmoja aliyekosa wenzake. Abdus Salam alizaliwa mwaka 1926 katika sehemu ambayo sasa ni Pakistani, akasoma Cambridge, na mwaka 1951 akarudi kwao Lahore kufundisha. Alikuta hakuna utafiti, hakuna majarida mapya, hakuna wa kuzungumza naye fizikia. Miongoni mwa kazi za ziada alizopewa ilikuwa kusimamia timu ya mpira wa miguu. Walimu wenzangu, mnacheka kwa sababu mnaijua kazi hiyo. Mwaka 1954 aliondoka akarudi Cambridge, kwa uchungu, maana aliona ni kuchagua kati ya nchi yake na fizikia. Lakini hakusahau. Mwaka 1964 alifungua kituo cha fizikia ya nadharia huko Trieste, Italia, na akaweka utaratibu wa wanasayansi wa nchi maskini kwenda pale kwa miezi michache, kukaa na wenzao, kisha kurudi makwao kufundisha bila kuhama moja kwa moja. Tuzo ya Nobel aliipata 1979. Mimi nakithamini zaidi kile kituo. Waafrika wengi walikutana wao kwa wao kwa mara ya kwanza wakiwa Trieste, na mwaka 2010 Chama cha Wanafizikia cha Afrika kilizinduliwa Dakar, Senegal. Francis Allotey wa Ghana alikuwa miongoni mwa waasisi wake.

Na hapa kwetu msidhani hatuna kisa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi katika jokofu ilikuwa finyu, akaogopa kuikosa, akaweka maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa baridi. Aliuliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Mpemba akauliza tena, wenzake wakamcheka tena. Osborne alisema hajui, akaahidi kujaribu, na akajaribu kweli. Mwaka 1969 makala yao wawili ilitoka katika jarida la elimu ya fizikia la chama cha Waingereza, wakati huo Mpemba akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori, Mweka. Mpaka leo wataalamu wanabishana. Mwaka 2016 wengine waliandika kwamba jambo lenyewe halipo, ila ni namna ya kupima. Na wabishane. Swali la kijana wa Kitanzania limefika mahali pa kubishaniwa, na lilifika kwa sababu mtu mmoja aliyelisikia alikuwa na mlango wa kulipitisha.

Kijana wangu hakupata mlango huo. Mimi nilijua kosa langu mwaka 1991, katika semina ya walimu wakati wa likizo. Wakati wa chai mhadhiri mmoja alitaja kwa kupita tu kwamba 9.81 si ya Afrika Mashariki, na kikombe kilinishinda kushika. Miaka ikapita. Mwaka 2009, stendi ya mabasi ya Mbeya, nikasikia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika, "Marahaba, baba." Ndiye. Anauza mabati na saruji, biashara nzuri, watoto wanne. Fizikia aliiacha alipomaliza kidato cha nne. Nikamwambia pale pale, katikati ya wapiga debe, kwamba jibu lake lilikuwa sahihi. Alicheka, kisha akanyamaza.

"Mwalimu ulijua lini?"

"Tisini na moja."

"Na hukunitafuta?"

Sikuwa na jibu, wala leo sinalo.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nina ombi. Najua tumechangishana fedha za lango jipya la shule, na mchoro wake ni mzuri. Naomba sehemu ya nakshi ipunguzwe. Lango lisilo na nakshi hufunguka vile vile. Fedha hiyo ianzishe chama cha fizikia cha wanafunzi hapa, kikutane kila Alhamisi jioni. Mwenye kipimo asimame akisome, wenzake wamhoji, na kitabu kifunguliwe mwisho. Kipimo kikikataa kulingana na kitabu, kisifutwe, kiandikiwe barua. Humu ukumbini wapo wahandisi, madaktari, mtu wa hali ya hewa, na wawili ninaowajua wanafundisha vyuo vikuu. Kila mmoja wetu aandike jina na anwani yake, aahidi kujibu barua za vijana hawa ndani ya mwezi mmoja, hata kama jibu lenyewe ni "sijui, nitajaribu."

Daftari nimekwisha kulinunua. Liko mezani kwa Katibu, karibu na birika la chai, na jina la kwanza ni langu. Uzi wa mita nne pia nimekuja nao, na boriti za bwalo nimezitazama asubuhi, zinafaa.